MTEGO CHINI YA UDONGO

Mazungumzo ya juma hili: Wafugaji wa kondoo wa Marekani, na jinsi mtu anavyojifunza kumtega koyoti

Wasikilizaji, mchungaji wa kondoo au mbuzi hana haja ya kuelezwa uchungu wa kuamka alfajiri na kumkuta mwana-kondoo amelala majanini, shingo ina damu, na mamaye anamzunguka akilia. Uchungu huo haubagui nchi wala kabila. Katika Kenya mfugaji huona alama za miguu akasema, "Ni bweha," au, "Ni fisi." Katika nyika za magharibi ya Marekani, toka Texas hadi Montana, mfugaji humtaja kwanza mnyama mmoja kabla ya wote, naye ni koyoti. Mazungumzo haya ni habari za mnyama huyo, na za ustadi wa kumnasa kwa mtego wa chuma uliofukiwa ardhini. Ustadi huo kwa macho huonekana mdogo, maana ni shimo dogo tu na kipande cha chuma. Lakini humchukua mtu miaka mingi kuujua, na mtu akiufanya pasipo kuujua huleta mateso na hasara bila ya faida yo yote.

KOYOTI NI MNYAMA GANI?

Koyoti ni wa jamaa ya mbwa. Kwa umbo afanana sana na bweha, ila ni mkubwa zaidi. Wale wa magharibi huwa na uzito wa ratili 20 hadi 35 hivi, na wale wa mashariki huweza kuzidi hapo. Manyoya yake ni ya kijivu yaliyochanganyika na rangi ya mchanga, masikio yamesimama, pua ni nyembamba, na mkia wake mnene huuelekeza chini anapokimbia. Jina lake limetoka katika lugha ya Kinahuatl, iliyosemwa na Waazteki wa Meksiko na ambayo ingali ikisemwa huko mpaka leo. Mwaka 1823 mtaalamu Thomas Say alimwandika katika vitabu vya elimu ya wanyama kwa jina la Kilatini Canis latrans, maana yake mbwa abwekaye.

Wenyeji wa asili wa Marekani walimjua zamani sana kabla ya hapo. Katika hadithi za makabila mengi koyoti ndiye mwenye hila, ambaye huwadanganya wakubwa na mara nyingine hujidanganya mwenyewe. Mtu aliyekua akisikia hadithi za Sungura katika Afrika ya Mashariki atamtambua mara moja.

Walowezi walipoenea katika nchi ile, waliwaua mbwa-mwitu karibu kuwamaliza. Lakini mbwa-mwitu ndiye aliyekuwa adui mkubwa wa koyoti. Alipoondoka yeye, mlango ulikuwa wazi. Koyoti, ambaye zamani alikaa sana katika nyika za kati na za magharibi, alisambaa pande zote. Leo aonekana katika kila jimbo la Marekani isipokuwa visiwa vya Hawaii, na kwa upande wa kusini amefika Panama. Hata ndani ya mji mkubwa wa Chicago wamo, na toka mwaka 2000 wataalamu wamekuwa wakiwafuata na kuchunguza maisha yao.

Chakula chake kikubwa ni panya na sungura. Hula pia panzi, matunda na mizoga. Kwa hiyo si kila koyoti aliye adui wa mfugaji, na jambo hili lafaa likumbukwe mpaka mwisho wa mazungumzo. Lakini akishajua utamu wa mwana-kondoo, hasara yake si ndogo. Hesabu zilizofanywa na serikali ya Marekani za mwaka 2014 zilionyesha kwamba, kati ya kondoo na wana-kondoo wote waliouawa na wanyama wakali, zaidi ya nusu waliuawa na koyoti.

VITA VYA MIAKA MINGI

Katika mwaka 1915 serikali ya Marekani ilianza kutoa fedha kwa ajili ya kuajiri watu wa kuwaua wanyama walao mifugo. Watu hao walitumia bunduki, mitego, na zaidi ya yote sumu. Mizoga yenye sumu ilitawanywa katika nyika, na koyoti wengi sana walikufa. Lakini walikufa pia tai, mbweha wadogo, na mbwa wa watu. Kelele za wananchi zilizidi mpaka, mwezi wa Februari 1972, Rais Nixon alitoa amri ya kuzuia sumu hizo katika ardhi za serikali kuu. Tangu hapo mtego wa mkono, utegwao mmoja mmoja na mtu anayejua aliweka wapi na kwa nini, ulipata heshima mpya.

Mtego wenyewe una historia ndefu. Fundi Sewell Newhouse wa jimbo la New York alianza kuunda mitego ya chuma katika miaka ya 1820, na baadaye jumuiya ya Oneida, aliyojiunga nayo, ilitajirika kwa kazi hiyo. Mtego wa kisasa umebadilika, lakini babu yake ni ule.

Na matokeo ya vita hivyo? Mwaka 1975 wataalamu wawili wa California, Connolly na Longhurst, walipiga hesabu wakaona kwamba hata kama watu wangeua koyoti 75 katika kila 100 kila mwaka, ingepita zaidi ya miaka 50 kabla ya kuwamaliza. Sababu yake ni kwamba wale wanaobaki hupata chakula tele, watoto wao wengi huishi, na majike wadogo ambao wangengoja huanza kuzaa mapema. Basi mtu atakayetega kwa nia ya kuwamaliza koyoti wote anajitwika mzigo usiochukulika. Mtegaji mwenye akili hutega ili ammalize yule mmoja, au wale wawili, wanaoingia zizini mwake.

KWANZA ATAMBULIWE MKOSAJI

Somo la kwanza la mwanafunzi si kutega. Ni kusoma. Mwana-kondoo akikutwa amekufa, mtegaji humchuna ngozi ya shingo palepale. Mnyama aliyeumwa akiwa hai huvuja damu chini ya ngozi, na nyama hapo huwa nyeusi kwa kuvilia. Lakini aliyekufa kwa ugonjwa au baridi, akaja kuliwa baadaye, hana dalili hiyo. Wako wafugaji wengi waliomlaumu koyoti kwa kondoo waliouawa na homa.

Koyoti kwa desturi hushika koo, chini kidogo ya taya, na matundu ya meno huonekana hapo. Mbwa wa mjini wanaozurura hurarua ovyo ovyo, mapajani, ubavuni na masikioni, na hujeruhi wengi bila kula. Kisha zitazamwe nyayo. Wayo wa koyoti ni mrefu kama yai, vidole vimebanana, na kucha mbili za mbele huonekana karibu karibu. Ule wa mbwa ni wa mviringo zaidi na vidole vimetanuka. Aidha koyoti hutembea kama mtu mwenye safari, moja kwa moja, mguu wa nyuma ukikanyaga karibu na pale palipokanyaga wa mbele. Mbwa huenda upande huu na upande huu, kama mtoto aliyetumwa dukani.

MTEGO WENYEWE ULIVYO

Mtego unaotumiwa sana ni ule wa kushika mguu. Una taya mbili za chuma, springi zilizovingirishwa, na katikati kisahani. Taya hulazwa chini zikiwa wazi, na kidude kidogo cha chuma huzizuia. Mnyama akikanyaga kisahani, kizuizi hutoka, na springi huziinua taya zikakamata mguu juu ya nyayo.

Mtego mwema hauna meno. Taya zake ni nene na laini, na nyingi zimeundwa ziache nafasi ndogo zinapofungika ili mfupa usivunjike. Mnyororo wake ni mfupi, umefungwa katikati ya kitako cha mtego, na una viungo vinavyozunguka, ili mnyama anapojigeuza mguu usisokotwe. Kisahani hukazwa kwa parafujo mpaka kihitaji uzito wa ratili 3 au 4 kukishusha. Hivyo sungura, ndege au kicheche hupita juu yake bila kunaswa.

Mtego mpya hautegwi kama ulivyotoka dukani. Huchemshwa ili mafuta ya kiwandani yatoke, huachwa upate kutu kidogo, kisha huchemshwa tena katika maji ya rangi nyeusi itokayo katika mti, na mwisho huchovywa katika nta. Rangi huuzuia kutu usiendelee, na nta huufanya ufunge upesi. Baada ya hapo haushikwi kwa mikono yenye mafuta ya gari wala jasho. Vyombo vingine ni vichache: nyundo, mwiko wa kuchimbia, chekeche la kuchekechea udongo, kigingi cha chuma cha inchi 18 hadi 24, glavu, na kipande cha turubai cha kupigia magoti. Wahenga wamesema, mtaka cha mvunguni sharti ainame; na kazi hii yote hufanywa kwa magoti.

JINSI YA KUTEGA

Mahali ni nusu ya kazi, na wengine husema ni zaidi. Koyoti hupenda kupita mahali pepesi: njia za magari za shambani, kingo za msitu, mabonde makavu, pembe za mashamba, na matundu yaliyo chini ya seng'enge. Penye njia mbili zinazokutana huacha kinyesi chake na kukwaruza ardhi, kama mtu anayetia sahihi yake. Hapo ndipo pa kutega, bali kando ya njia, si katikati.

Kisha upepo. Koyoti huyaamini mapua yake kuliko macho. Mtego huwekwa upande ambao upepo wa desturi utachukua harufu na kuivusha njia, ili mnyama apitaye aipate, ageuke, na kuufuata upepo mpaka kwenye chanzo chake.

Mtego mashuhuri kuliko yote ni ule wa shimo. Mtegaji huchimba tundu la upana wa inchi 3 au 4, lenye kulala mshazari, refu kama inchi 6 hadi 9, chini ya kishungi cha majani. Lionekane kama kwamba mnyama fulani amezika akiba yake ya chakula. Ndani hutiwa kipande cha nyama, na juu yake sufi au majani kidogo ili isionekane. Mbele ya tundu, kama inchi 8 au 10 mpaka kwenye kisahani, na kwa upande kidogo, huchimbwa kitanda cha mtego. Kigingi hupigwa mpaka kichwa chake kipotee. Mtego uliotegwa hulazwa kitandani, na udongo hushindiliwa kwa vidole kuuzunguka pande zote mpaka usitikisike hata kidogo. Kisahani hufunikwa karatasi au kitambaa chembamba ili udongo usiingie chini yake, kisha udongo mkavu huchekechwa juu yake, unene wa robo inchi hadi nusu inchi tu. Mwisho hunyunyizwa mkojo kidogo wa koyoti karibu na tundu.

Mtego wa pili hauna shimo. Mfupa mkavu au kishungi cha majani husimama peke yake kando ya njia, na mkojo hutiwa hapo. Kila mtu mwenye mbwa ameona jinsi anavyokwenda kwenye nguzo kunusa habari za mbwa wengine. Koyoti naye yu vivyo hivyo. Mtego huu husaidia hasa kwa mnyama aliyekwisha kuyatambua mashimo.

Wakati wa baridi maji yaliyo udongoni huganda, na mtego uliofukiwa huwa kama umetiwa saruji. Kwa hiyo mtegaji mwangalifu huweka akiba ya udongo mkavu ghalani toka wakati wa joto, au huukoroga udongo na nta iliyoyeyushwa ili maji yasiingie.

MFANO WA KIJANA MMOJA

Ili mambo haya yaeleweke, na utolewe mfano wa kijana ambaye baba yake afuga kondoo. Ni majira ya kuzaa, na katika juma moja wana-kondoo sita wamekufa. Baba amwambia mwanawe atege. Kijana anunua mitego ishirini, na kwa haraka aitega yote katika siku moja, kila mahali anapoweza kufika kwa gari.

Asubuhi ya pili akuta mtego wake wa kwanza umefukuliwa, umepinduliwa juu chini, na kando yake koyoti ameacha kinyesi. Wa pili vivyo hivyo. Kijana akasirika, adhani mnyama amenusa chuma. Akaiosha mitego, akaipaka majani, akabadili glavu. Na siku ya tatu mambo yakawa yale yale. Ndipo alipokwenda kwa mzee mmoja jirani, ambaye alitega tangu ujana wake.

Mzee hakuutazama mtego. Alipiga magoti, akaweka kidole juu ya taya moja, akabonyeza. Mtego ukacheza.

"Mwanangu," akamwambia, "koyoti haogopi chuma. Kila siku apita chini ya seng'enge, na seng'enge ni chuma. Aogopa ardhi inayotikisika chini ya mguu wake. Wewe je, hungeogopa?"

"Ningeogopa, mzee."

"Basi shindilia."

Kijana akashindilia. Juma lile akanasa koyoti watatu, wote wachanga, katika pande za mbali za shamba, na akarudi nyumbani kwa furaha. Lakini wana-kondoo waliendelea kufa. Akaja tena kwa mzee akiwa amechoka na kuona haya, kwa maana baba yake alikuwa amesema kwamba mitego haifai kitu.

"Umewaua vijana wasio na makao," mzee akasema. "Hao ni wapitaji, wanatafuta mahali pa kukaa. Mwenye kuua wana-kondoo ana watoto pangoni, nao wanalia njaa. Njoo tutazame anaingilia wapi."

Wakaufuata ua kwa miguu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Katika bonde moja wakakuta tundu chini ya seng'enge, na katika waya wa chini zimenasa sufi chache na manyoya ya kijivu. Wakatega mitego miwili nje ya ua, kondoo wasipoweza kufika. Miwili, kwa sababu koyoti dume na jike huenda pamoja. Kazi ya mitego miwili iliwachukua saa nzima.

Usiku wa kwanza mtego mmoja ukamshika mbwa wa jirani. Kijana alifika alfajiri, akamfunika mbwa kichwa kwa koti lake, akazikanyaga springi, na mbwa akatoka akichechemea hatua chache, kisha akakimbia kwao mzima. Kama kijana angalikuja siku ya tatu, habari ingalikuwa nyingine, na urafiki wa nyumba mbili ungalikwisha. Usiku wa nne akamkuta koyoti dume mkubwa, meno yake yamelika kwa uzee wa miaka, ametulia akimtazama. Kijana akampiga risasi moja, upesi, kama alivyofundishwa. Siku ya pili yake alipatikana jike.

Mzee hakumsifu sana. Akamwambia kwamba sasa yambidi alitafute pango, kwa kuwa kuna watoto, na si haki kuwaacha wafe kwa njaa siku kwa siku. Kijana akalitafuta, na ile kazi aliyoifanya huko hakupenda kuisimulia. Lakini wana-kondoo waliobaki wakaishi mpaka wakaachishwa maziwa.

WALIOMO NA WASIOKUWAMO

Mfano huo waonyesha mambo mawili. La kwanza, yale aliyoyasema mzee juu ya wenye watoto si maneno ya kubahatisha. Katika miaka ya 1990 wataalamu waliowachunguza koyoti katika kituo cha Hopland, California, waliona kwamba wauaji wa kondoo walikuwa hasa dume na jike wazaao ambao eneo lao lilikuwa na kondoo ndani yake. Na kuwaondoa wengine ambao hawajazaa kulipunguza vifo kidogo sana. Hivyo mitego miwili iliyowekwa mahali pake ina faida kuliko ishirini iliyotupwa ovyo. Mwenda pole hajikwai.

Jambo la pili limo katika methali ambayo kila mtu aijua: mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Chuma hakina macho. Ndiyo sababu mtegaji mwema hategi karibu na mzoga ulio wazi, kwa kuwa tai huuona mzoga kwa mbali akaushukia. Hategi katika njia wanayopita watu na mbwa wao. Wala hategi ndani ya malisho yenye mifugo. Katika majimbo mengi sheria humtaka aizungukie mitego yake kila siku, na hata pale sheria inapotoa muda mrefu zaidi, muungwana huenda kila alfajiri, kwa mvua au kwa theluji. Mtu asiyeweza kwenda kila siku asitege.

Pamoja na hayo, wako Wamarekani wengi wanaoona kwamba mtego huo ni mkali mno hata ukitegwa kwa uangalifu. Wananchi wa Colorado mwaka 1996, na wa California mwaka 1998, walipiga kura kuuwekea mipaka mikubwa, na mwaka 2022 jimbo la New Mexico lilianza kuzuia utegaji katika ardhi za umma. Mataifa ya Ulaya yaliyoungana yalikwisha kuupiga marufuku tangu mwaka 1995. Kwa upande mwingine, idara za wanyama za majimbo zimejaribu mitego ya namna nyingi, zikaandika miongozo ya kueleza ipi yajeruhi kidogo, na majimbo kadha wa kadha humlazimisha mwanafunzi kuhudhuria mafunzo kabla ya kupewa kibali. Mashauri hayo bado yanaendelea, na kila upande una watu wenye moyo safi.

ULINZI ULIO BORA KULIKO MTEGO

Mfugaji wa Marekani aliye mwerevu hutega mwisho, si mwanzo. Kwanza huwaingiza kondoo wenye mimba ndani ya ua karibu na nyumba wakati wa kuzaa. Pili huondoa mizoga upesi na kuizika, ili koyoti asizoee kula kondoo hapo. Tatu hufuga mbwa wakubwa wa kulinda, wa asili ya milima ya Ulaya na nchi ya Uturuki, ambao hulelewa pamoja na kondoo tangu wangali watoto mpaka wakajiona kuwa jamaa yao. Wengine huweka punda, maana punda humchukia mnyama wa jamaa ya mbwa na kumfukuza kwa mateke. Hayo yote yakishindwa, ndipo huenda kuchukua nyundo na mwiko.

Hapa ndipo habari za ng'ambo zinapomgusa mfugaji wa Kenya. Asije mtu akasikia mazungumzo haya akaenda kumwagizia fundi mitego. Uwindaji wa wanyama wa porini katika Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977, na mnyama anayesumbua mifugo apelekewe habari zake wenye kazi ya kuhifadhi wanyama. Lakini boma la miiba lililozibwa vema, mchungaji asiyelala, mbwa wa kubweka, na wana-kondoo waliofungiwa kabla ya jua kuchwa, hayo hayahitaji kibali. Na ile elimu ya kusoma alama, kuchuna shingo kabla ya kulaumu, na kujua ni mnyama yupi hasa aliyekosa, humfaa mfugaji po pote alipo.

Mwanafunzi wa kutega huanza kwa kudhani kwamba anajifunza habari za chuma na harufu. Akiendelea hugundua kwamba anajifunza habari za mnyama mmoja: njia zake, hofu zake, na watoto wake. Na kadiri amjuavyo ndivyo anavyotega kidogo zaidi, ndivyo anavyochagua zaidi, na ndivyo mkono wake unavyokuwa mzito kabla ya kuuweka mtego ardhini. Mzee wa kazi hii hutambulikana kwa idadi ndogo ya mitego yake, na kwa kondoo wake walio hai.